Umebuni kifaa cha mekanika na huna kampuni nyuma yako? Njia nzima mpaka hataza na leseni

Kitu kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba ofisi ya hataza (patent, haki ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wako) haikuwahi kukiona kifaa changu. Hakuna mtu pale aliyekishika, akakizungusha, akasikia ule mlio wa "tak" wa lachi ikijifunga ambao mimi niliuhangaikia miezi mizima. Walisoma karatasi tu. Na mwishoni mwa hizo karatasi kuna sentensi ndefu ndefu za kuchosha zinaitwa madai, hizo ndo mali yenyewe, vingine vyote viko pale kuzibeba. Kwa hiyo kila hatua humu chini, kuanzia daftari mpaka pesa, ifanye ukijua kwamba unakusanya malighafi ya hizo sentensi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili tusipotezane: ngazi ya kuegemeza ukutani, ardhi ina mteremko, mguu mmoja unaning'inia hewani, watu wanaweka tofali chini na kuomba Mungu. Wewe umebuni miguu miwili inayoteleza ndani ya nguzo za ngazi, imeunganishwa kwa mnyororo unaopita kwenye puli, mmoja ukishuka mwenzake anapanda, na ukikanyaga tu kabari inang'ata na yote inajifunga bila kugusa kitu kwa mkono. Haya twende.

Hatua ya 1: Daftari, na tatizo kwa sentensi moja

Nunua daftari lenye kurasa zilizoshonwa, siyo la kuchana. Andika tarehe, chora, saini. Zamani Marekani daftari lilikuwa silaha kubwa sababu walikuwa wanaangalia nani alibuni kwanza, ila tangu Machi 2013 na wao wanafuata nani aliwasilisha kwanza kama dunia nyingine yote, kwa hiyo usidhani daftari litakuokoa ukichelewa. Kazi yake kubwa sasa ni nyingine: kuandika vitu vilivyokufa. Yani kabari ya kwanza niliikata kwenye mbao ngumu, ikang'ata vizuri ikiwa kavu, ikilowa tu inateleza kama sabuni. Nikajaribu pini, ikapinda. Nikajaribu kipande cha mpira, kilifanya kazi ila kinachelewa. Watu wengi hivyo wanatupa na kusahau, kosa kubwa, utaona kwenye hatua ya 5 kwa nini.

Tatizo liandike kwa sentensi moja bila kutaja suluhisho lako. "Ngazi haisimami wima kwenye ardhi isiyo sawa bila mtu kurekebisha kwa mkono." Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi basi bado hujui umebuni nini.

Hatua ya 2: Nyamaza

Hii ndo inaua wengi. Sheria inataka kitu kiwe kipya, na wewe mwenyewe unaweza kukiua upya wake kwa mdomo wako. Ukipost video, ukionyesha kwenye maonyesho, ukiuza hata kimoja kabla ya kuwasilisha maombi, Ulaya umeshapoteza isipokuwa kwenye mazingira finyu sana. Marekani wanakupa miezi 12 tangu ulipokitangaza mwenyewe, lakini usijenge maisha yako juu ya hiyo miezi sababu nchi nyingi hazina huruma hiyo.

Na usifikiri "kuonyesha hadharani" ni mpaka umati. Kuna kesi moja ya zamani ya Mahakama Kuu ya Marekani, Egbert dhidi ya Lippmann ya mwaka 1881, mbunifu alitengeneza vyuma vya kunesa vya kuweka ndani ya korseti, mwaka 1855 akampa mwanamke aliyekuwa rafiki yake (baadaye walioana), mama wa watu akavivaa miaka, vimeshonewa ndani ya nguo ya ndani, hakuna anayeviona. Jamaa akaja kuomba hataza 1866. Mahakama ikasema hayo ni matumizi ya hadharani, maana alimpa bila kumwekea sharti lolote la siri. Hataza ikafa. Sasa wewe unayemwachia jirani ngazi yako akapakie rangi wiki nzima, fikiria.

Ukilazimika kumwonyesha fundi mashine au mtu wa kukuchongea sehemu, mwandikie mkataba mfupi wa kutunza siri asaini kabla, na mgawie kazi vipande vipande: huyu achonge kabari, yule miguu, hakuna anayejua inaungana vipi. Ila wawekezaji na makampuni makubwa mara nyingi hawasaini kabisa, usikasirike, wasubirishe mpaka uwe na namba ya maombi.

Hatua ya 3: Tafuta vilivyotangulia kabla hujakata chuma

Fungua tovuti za kutafutia hataza: Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya, Google Patents, na Patentscope ya WIPO (shirika la dunia la miliki ubunifu). Zote bure. Makosa ya kwanza ni kutafuta kwa jina ulilokipa kifaa chako. Waandishi wa hataza hawasemi "mguu wa ngazi", wanasema "mpangilio wa kuegemeza muundo wa kupandia" na upuuzi kama huo, ukitafuta kwa maneno yako utapata mawili matatu na utafurahi bure.

Tumia namba za makundi. Kila hataza imepachikwa kwenye kundi la kimataifa: B25B ni spana na vifaa vya kukaza na kubana, E05B ni kufuli, F16B ni vya kufungia kama bolti na skrubu, A47J vya jikoni. Ngazi ni E06C, na ndani yake E06C 7/44 ni ya njia za kusimamisha ngazi kwenye ardhi isiyo sawa, yani shida yako ina anuani yake kabisa. Ukiipata hataza moja inayofanana na yako angalia ukurasa wa mbele: namba (51) ni kundi, (54) ni jina, (72) ni mbunifu, (57) ni muhtasari. Chukua hilo kundi, lipekue lote, halafu angalia hizo hataza zimetaja zipi za nyuma na zipi za mbele zimezitaja hizo. Inachosha. Tenga siku kadhaa, si jioni moja.

Utakutana na kifaa kinachofanana na chako, karibu lazima. Roho itashuka, kunywa maji urudi. Usisome mchoro, soma dai la 1, halafu jiulize ni kitu gani kwenye changu hakimo humu. Zipu unayoivaa ilipita hapo hapo: Whitcomb Judson alipata hataza zake 1893, kitu chake kilikuwa na tabia ya kufunguka chenyewe, halafu Gideon Sundback akapata hataza 1917 ya zipu yenye meno yanayokamatana vizuri, na ndo hiyo iliyodumu. Uboreshaji unalindwa kama ubunifu mwingine wowote.

Mambo mawili ya kukumbuka hapo. Hataza iliyokwisha muda ni mali ya wote, itumie upendavyo, kuna hazina ya mekanika mle. Na hataza yako haikupi ruhusa ya kutengeneza, inakupa haki ya kuwazuia wengine. Kama mtu ana hataza hai ya miguu iliyounganishwa kwa mnyororo na wewe una ya kabari inayojifunga juu ya mfumo ule ule, yeye hawezi kutumia kabari yako na wewe huwezi kutengeneza mnyororo wake, mtakaa meza moja mpende msipende.

Hatua ya 4: Prototaipu (kifaa cha majaribio), ya hovyo kwanza

Kadibodi, mbao, kamba, bolti za mtumba. Lengo ni kuona mwendo tu. Ya pili iwe ya chuma, ibebe uzito halisi. James Dyson alisema alifanya prototaipu 5,127 kabla ya mashine yake ya kufyonza vumbi kukaa sawa, wewe hauhitaji zote hizo kuomba hataza, na kisheria hauhitaji hata moja, karatasi inatosha kama fundi mwingine anaweza kuisoma na akakitengeneza. Lakini mimi simshauri mtu aombe kabla hajaona kifaa kikibeba mzigo, maana mekanika ina kawaida ya kukudanganya kwenye mchoro: uwazi kati ya mguu na nguzo ukiwa mkubwa kidogo unapinda na kukwama, ukiwa mdogo mchanga unaingia na umekwisha.

Hatua ya 5: Maelezo na michoro

Maelezo yanaandikwa kwa mpangilio huu karibu popote: fani, tatizo na vilivyotangulia, muhtasari wa ubunifu, orodha ya michoro, maelezo ya kina, madai, na ufupisho. Michoro ni mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, bila rangi, kila sehemu ina namba. Anza 10, 12, 14, ruka ruka, ili ukisahau sehemu uipachike 13 bila kuvuruga faili zima. Namba ikishakuwa ya kabari ni ya kabari milele, kwenye kila mchoro. Chora kimekusanyika, chora kimetawanywa, chora kimekatwa katikati, na chora hali mbili: mguu ukiwa huru na mguu ukiwa umefungwa.

Sasa daftari linalipa. Ukishawasilisha HURUHUSIWI kuongeza kitu kipya ndani ya maombi yale yale. Kwa hiyo vile vyote vilivyokufa vinaingia hapa kama njia mbadala: "kizuizi kinaweza kuwa kabari, pini, au kipande cha mpira, kiunganishi kinaweza kuwa mnyororo, kamba ya waya, au gia inayokaa kati ya reki mbili za meno." Ile pini iliyopinda kwako itamfaa mshindani mwenye chuma bora, na ukiwa umeiandika unaweza kuidai. Ukiwa hukuiandika ndo basi.

Hatua ya 6: Madai, tulia hapa

Dai likiwa na vitu vitano, mtu anakuvunjia haki pale tu kifaa chake kina vyote vitano. Akitoa kimoja, kwa kawaida ametoka (kuna mabishano ya vitu vinavyolingana lakini usiyategemee). Maana yake kila neno unaloongeza ni mlango unaomfungulia mwenzio atoke.

Angalia dai hili, ndivyo wengi wetu tunaandika mara ya kwanza:

*Kifaa cha kusawazisha ngazi chenye miguu miwili ya aluminiamu yenye meno ya milimita 4, mnyororo unaozunguka puli, na kabari ya chuma inayosukumwa na springi kwenye meno hayo.*

Kinapendeza, kinaeleza kifaa kilichoko mezani. Mshindani anasoma, anaweka miguu ya chuma, kaondoka. Anaweka kamba ya waya badala ya mnyororo, kaondoka. Springi anatoa anaweka mpira, kaondoka. Milimita 5, kaondoka. Umelipa hela zako kumwandikia mwongozo wa kukukwepa.

Sasa hili:

*Kifaa cha kusawazisha ngazi, kikijumuisha: miguu miwili, kila mmoja ukiteleza kwenye nguzo yake ya ngazi, kiunganishi kinachofanya mguu mmoja ushuke kadiri mwingine unavyopanda, na kizuizi kinachofunga miguu yote miwili pale uzito unapowekwa kwenye ngazi.*

Hakuna chuma, hakuna milimita, hakuna springi. Kuna kazi ya kila sehemu na uhusiano wake na mwenzake. Neno "kikijumuisha" nalo lina kazi: mtu akiongeza taa na redio kwenye ngazi yake bado yumo. Ungeandika "kilichoundwa na hivi tu", angeongeza kitu kimoja akatoka.

Ubaya wake, dai pana linagonga vilivyotangulia kirahisi. Ndo maana unaandika ya kutegemea chini yake: dai la 2, kifaa cha dai la 1 ambapo kizuizi ni kabari, dai la 3, kifaa cha dai la 2 ambapo kabari inasukumwa na springi, na kuendelea. Mkaguzi wa ofisi ya hataza akilibomoa la 1 unashuka unasimama kwenye la 2. Yale maelezo yote ya springi na meno hayajapotea, yamehamia chini ambako ndiko kwao.

Kipimo changu: nampa rafiki fundi dai peke yake, bila mchoro, namwambia nitengenezee kitu kinachofanya kazi hii hii bila kuingia humu. Nampa siku mbili. Akirudi na njia, narudi mezani. (Huyo rafiki naye kasaini karatasi ya siri, nisije nikaonekana nasahau hatua ya 2.)

Kama una hela ya kumlipa wakala wa hataza kwa sehemu moja tu ya safari nzima, mlipe hapa. Nenda na daftari, matokeo ya utafutaji na rasimu ya madai, utamwokolea muda, yani hela zako.

Hatua ya 7: Kuwasilisha na kuhesabu miezi

Siku ukiwasilisha mara ya kwanza saa inaanza. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 kuwasilisha nchi nyingine wanachama ukabaki na tarehe ile ile ya kwanza. Marekani wana maombi ya awali ambayo hayakaguliwi na yanakushikia tarehe miezi hiyo 12, ila yakiwa ya nusu kurasa yanakushikia nusu kurasa, hayakingi usichokiandika. Ndani ya hiyo 12 unaweza kuingia mfumo wa PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza), ambao unasogeza uamuzi wa nchi gani uende mpaka mwezi wa 30 kwenye nchi nyingi, tangu ile tarehe ya kwanza. Mwezi wa 18 maombi yanachapishwa na dunia nzima inasoma. HAKUNA hataza ya dunia nzima, anayekuuzia hiyo anakuuzia hewa. PCT ni njia ya kuomba tu, hataza inatolewa na ofisi ya nchi au ya kanda.

Kwa vifaa vidogo vya mekanika uliza pia kuhusu modeli ya matumizi, ndugu mdogo wa hataza. Ujerumani inasajiliwa bila kukaguliwa kama ni mpya na inafika miaka 10. Marekani na Uingereza hawana.

Hatua ya 8: Barua ya mkaguzi

Itakuja, na mara nyingi itasema hapana. Kwenye ripoti ya utafutaji angalia herufi kando ya kila hati: X maana yake hati hiyo peke yake inakuua, Y inakuua ikiungana na nyingine, A ni ya kukupa mazingira tu. Anza na X.

Kwenye mekanika kikwazo kikubwa kinakuwa "dhahiri", yani fundi wa kawaida angeunganisha vitu hivi mwenyewe. Tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007, iliyohusu pedali ya gari yenye kitambuzi, Marekani wamekuwa wakali: ukiunganisha vitu vinavyojulikana na kila kimoja kikafanya kazi yake ile ile, tegemea kukataliwa. Jibu lako lisiwe "lakini nimefanya kazi sana". Onyesha muungano unaleta kitu ambacho vipande peke yake havileti: hapa uzito wa mpandaji mwenyewe ndo unaofunga, kumbe vifaa vya kwenye hati alizozitaja mkaguzi vinahitaji mkono ukaze skrubu. Kama tofauti hiyo haimo kwenye dai, iingize. Barua ina tarehe ya mwisho kujibu, iandike ukutani.

Hatua ya 9: Pesa

Njia ni tatu, kutengeneza mwenyewe, kuuza hataza moja kwa moja, au leseni yenye mrabaha (malipo kwa kila kifaa kinachouzwa). Ron Hickman na ile benchi ya kazi ya kukunja, Workmate, makampuni yaliikataa, akaitengeneza na kuiuza mwenyewe, kampuni ya Black & Decker wakaja baadaye na akalipwa kwa kila moja inayouzwa. Upande wa pili kuna Peter Roberts, kijana muuza duka wa Sears (maduka makubwa ya Marekani) aliyebuni spana ya soketi inayoachia kwa kubonyeza, hataza 1965. Akasaini mkataba wenye mrabaha unaogota kwenye dola 10,000, spana zikauzwa kwa mamilioni, akaishia miaka mingi mahakamani. Kwa hiyo kwenye mkataba usiweke kikomo cha juu, weka kiwango cha chini wanacholazimika kulipa kila mwaka hata wasipouza, na haki yako irudi wakilalia kifaa kabatini. Pendelea leseni kuliko kuhamisha umiliki. Dyson mwenyewe hataza ya toroli lake lenye gurudumu la duara kama mpira wa kuchezea aliiweka jina la kampuni, alipotolewa kwenye kampuni ikabaki huko.

Wale "tunakutangazia ubunifu wako" wanaotaka hela mbele, waulize wateja wangapi wameshapata faida kuliko walichowalipa. Marekani sheria ya 1999 inawalazimisha kujibu hilo kabla hujasaini, ila swali unaweza kuliuliza popote. Mimi nilishamuuliza mmoja, hakurudi.

Na kushtaki jua ni marathon. Robert Kearns aliomba hataza ya wipa inayopumzika kati ya mapigo mwaka 1964, akaishtaki Ford 1978, wakamalizana 1990 kwa dola milioni 10.2, na ndoa yake ilivunjika katikati ya hayo.

Mwisho ni ada za kuitunza. Hataza inadumu miaka 20 tangu kuwasilisha ila tu ukiendelea kulipa, sehemu nyingi kila mwaka na inapanda, Marekani ni mwaka wa 3.5, 7.5 na 11.5 tangu itolewe. Kila ada ikifika jiulize kama kuna mtu anayelipa au anayeogopa kwa sababu ya hiyo karatasi kwenye nchi hiyo. Kama hakuna, iache ife nchi hiyo na hela peleka kwenye ile ambayo ngazi zinauzwa.